Fundi na Basi Lililokataa Kwenda Pangani

Fundi hakusamehe mtu, wala hakuona haya kulisema. Wako watu wanaoficha kinyongo kama wanavyoficha kidonda, lakini yeye alikitembeza mchana kweupe. Mtu akimkosea, alimtazama kidogo, akagusa kifua chake kwa kidole chenye grisi, akasema, "Wewe nimekuweka." Basi. Hakugomba wala hakutukana. Aliyewekwa alijua kwamba hata ikipita miaka, siku yake itafika.

Kinyozi wa mtaani kwetu, Ngamiani mjini Tanga, aliwahi kumkata sikio kwa wembe, halafu akacheka. Toka siku hiyo Fundi alinyolewa Chumbageni, akienda kwa baiskeli juani, na huku kiti cha kinyozi kilikuwa mlango wa tatu kutoka kwake. Baba wa kinyozi alipofariki, Fundi alikuwa wa kwanza kushika jembe. Alichimba kaburi, akaingia mwanandani kumpokea maiti, akafukia mpaka mwisho. Watu walipopanga mstari kumpa mfiwa mkono, yeye alijipangusa udongo akaondoka.

Nikamfuata. "Fundi, hata leo?"

"Baba yake hakunikata sikio," akanijibu. "Baba yake nimemzika. Yeye bado."

Mimi nilikuwa mshonaji wa viti vya magari. Nilishuka kutoka milima ya Lushoto nikiwa kijana wa kuoa, nikapanga chumba chenye baraza Ngamiani, nikaweka cherehani yangu hapo nje. Banda lake la makuti lilikuwa ng'ambo ya barabara, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya miaka ile ya hamsini sikuwa na pa kutazama ila kwake. Yeye alinizidi umri, nami nilimwamkia shikamoo kila asubuhi. Aliitikia marahaba bila kuinua kichwa. Mimi Mlutheri, yeye Mwislamu wa pwani. Mimi napenda kucheka, yeye hapendi. Sijui kwa nini alinivumilia. Labda kwa sababu kazi zetu zilikutana kwenye gari moja bila kugusana, mimi nikishughulika nyuma na yeye mbele.

Gari lililokataa kuwaka ndilo lililokuwa starehe yake. Yanayovuja, yanayogonga, yenye springi zilizovunjika, alitengeneza kama mtu anayeosha vyombo. Lakini likiletwa lililosukumwa na watu wamelowa jasho, uso wake ulibadilika. Hakugusa boneti. Alivuta kigoda, akamkalisha mwenye gari, akaanza kumhoji.

"Lilipokufa lilikohoa, au lilinyamaza ghafla?"

"Mimi sikusikiliza, Fundi."

"Ulikuwa unasikiliza nini? Likinyamaza ghafla, moto umepotea. Likikohoa kwanza, petroli haifiki. Sasa kumbuka vizuri."

Aliwahoji mpaka wengine wakakasirika. Meneja mmoja wa shamba la mkonge, Mzungu, aliwahi kupiga kelele kwamba amekuja kutengenezewa gari, hakuja mahakamani. Fundi alichukua kitambaa, akafuta mikono iliyokuwa haijachafuka, akangoja. Mwishowe Mzungu akakaa kwenye kigoda kama wengine, magoti yamefika kidevuni. Kwa injini yenyewe Fundi alikuwa mpole ajabu. Aliiita "bibi". "Bibi kachoka." "Bibi hataki kuamshwa kwa fujo." Akizungusha hendeli ya kuwashia injini alifumba jicho moja, akainamisha sikio, na hapo usimsemeshe.

Usidhani hakukosea. Siku moja lililetwa lori la mkonge, dereva akaapa kwamba tangi limejaa. Fundi akafungua plagi, akazikausha, akazirudisha. Akafungua kabureta, akaitandaza vipande vipande juu ya gunia, akapuliza kila tundu. Jua lilikuwa limeshapinduka, naye amenuna, jasho linamchuruzika, nami kwenye baraza yangu nikashindwa kujizuia.

"Fundi, petroli ipo kweli?"

Alinyanyuka polepole, akatumbukiza ufito ndani ya tangi, akautoa mkavu. Dereva alikuwa ameuza petroli ya bosi wake njiani. Nilicheka hadi nikaangusha mkasi. Fundi hakucheka. Alirudisha kabureta yote, kipande kwa kipande, kwa upole uleule, akamgeukia dereva, akagusa kifua. Yule dereva alihama Tanga kabla mwaka haujaisha. Alikwenda kuendesha Moshi, na watu walisema ni kwa ajili ya mke, lakini mimi nilijua alichoka kupita mbele ya lile banda.

Lakini hawa wote walikuwa wadogo. Alikuwepo mmoja aliyewekwa chini kabisa, na huyo Fundi hakumtaja kwa jina. Alimwita Mshirika.

Kabla sijafika Tanga, wawili hao walikuwa na gereji moja kubwa karibu na stesheni. Walikua pamoja, walijifunza kazi kwa Kalasinga mmoja, walikula sahani moja. Fundi alikuwa na mikono, Mshirika alikuwa na maneno. Mmoja alitengeneza, mwingine aliongea na wateja. Siku moja likaletwa gari la Mzungu mmoja wa mashambani lifungwe vyombo vipya vya injini vilivyotoka Ulaya kwa meli. Gari likatoka gerejini, likaenda mwendo mfupi, likafa. Lilipofunguliwa, ndani mlikuwa na vyombo vikuukuu. Askari walipokuja, vyombo vipya vilikutwa chini ya sanduku la zana la Fundi, vimeviringishwa kwenye shati lake. Mahakamani Mshirika alisimama akasema kwa huzuni kwamba alimwonya rafiki yake mara nyingi.

Fundi alifungwa gereza la mbali, upande wa Dar es Salaam. Alipotoka, gereji ilikuwa ya Mshirika, na mke wake Fundi alikuwa mke wa Mshirika.

Haya sikuyasikia kwake. Nilisimuliwa na mtaa mzima, kila mtu kwa kunong'ona. Yeye alirudi, akajenga banda la makuti mahali ambapo kila mtu angemwona, akaanza upya na spana za kuazima. Hakumfuata Mshirika na panga kama watu walivyotarajia. Alingoja. Nilipomuuliza siku moja anangoja nini, aliniambia, "Nangoja anihitaji."

Mke yule nilimjua kwa kumwona. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mwendo wa taratibu, mweusi wa kung'aa, macho yamepakwa wanja mzito. Hakujaaliwa mtoto kwa mume wa kwanza wala wa pili. Akipita barabara yetu, Fundi aliingia chini ya gari, hata kama hapakuwa na gari la kutengeneza, akajilaza chini ya lililokufa zamani.

Kisha siku moja hakuingia. Ilikuwa sokoni, asubuhi, mimi na Fundi tumekwenda kununua muhogo. Mwanamke akatokea na kikapu chake cha samaki, wakakutana uso kwa uso kwenye kichochoro cha wauza nazi, mahali ambapo mtu hawezi kumpisha mwenzake bila kumgusa. Akasema, "Shikamoo."

Ile shikamoo ndiyo iliyomwasha. Fundi alisema kwa sauti ambayo wauza nazi wote walisikia, "Usiniamkie. Mwanamke aliyeolewa na mwingine, hali mume wake yu hai na hajamwacha, anaamkia watu kwa uso gani?"

Nilidhani mwanamke atajibu, au atalia. Badala yake alimkazia macho, midomo imefunguka kidogo, kama mtu aliyeambiwa neno kwa lugha asiyoijua vizuri anajaribu kulielewa. Akauliza, taratibu sana, "Hukuniacha?"

"Nikuache lini? Kwa kinywa kipi?"

Mwanamke alikishika kikapu kwa mikono miwili, akageuka, akarudi alikotoka. Fundi alinunua muhogo wake kana kwamba hapakutokea kitu. Aliamini amemtia aibu, na hilo lilimfurahisha. Kwa kweli alikuwa amempa habari.

Baada ya hapo Mshirika akazidi kutajirika. Aliuza gereji, akanunua basi jipya kwa ajili ya njia ya Pangani. Bodi yake ya mbao iliundwa papa hapa mjini, ikapakwa rangi ya kijani na ukanda mwekundu, na viti nikapewa mimi nishone. Fundi hakunilaumu. "Shona," aliniambia. "Shona vizuri. Makalio ya watu hayana kosa." Nilishona ngozi bandia nyekundu, nikajaza sufi safi, nikaona fahari.

Siku ya kulizindua, basi lilisimamishwa mbele ya nyumba ya Mshirika tangu asubuhi. Mbuzi alikuwa amechinjwa, tarumbeta na ngoma zimekodiwa, watoto wamening'inia kwenye uzio. Ndani ya basi walikaa wageni waliochaguliwa, sheikh mmoja mzee wa mtaa kiti cha mbele kwa ajili ya kusoma dua, wafanyabiashara wenzake Mshirika nyuma yake, na wanawake wa nyumba viti vya mwisho, mke akiwa dirishani. Kule Pangani afisa wa njia alikuwa akingoja kulikagua basi kabla ya adhuhuri. Lisipofika, ruhusa ya njia ile ingepewa mtu mwingine aliyekuwa akiitaka kwa hamu.

Sheikh akasoma. Watu wakaitikia amina. Dereva akabonyeza stata, injini ikazunguka, ikapiga shuti moja kubwa nyuma kama bunduki, ikanyamaza.

Watu walicheka mwanzoni. Akabonyeza tena, ikapiga shuti jingine. Tanboi, msaidizi wa dereva, akaleta hendeli, akazungusha mpaka shati likamganda mgongoni. Mshirika mwenyewe, ambaye alikuwa fundi kabla ya kuwa tajiri, akavua koti. Akatazama petroli, ipo. Akachomoa waya akaugusisha chuma, cheche ikaruka, moto upo. Akafungua plagi, safi. Akaita mafundi wawili wengine, kila mmoja akagusa hiki na kile, wakakubaliana kwamba gari halina ubovu, tena haliwaki. Wakalisukuma mpaka mwisho wa barabara na kulirudisha. Lilipiga mashuti tu. Tarumbeta zilikuwa zimeshanyamaza. Jua lilipanda, wageni wakaanza kujipepea na kutazamana.

Mshirika akaniona nimesimama pembeni. Alikuja karibu.

"Wewe ni jirani yake," akasema. "Nenda ukamwite."

"Nimwite nani?"

Alijua namtaka alitamke jina. "Fundi," akasema.

Nilimkuta anakula muhogo wa kuchemsha. Nikamweleza yote. Aliacha kutafuna.

"Ameniita yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, Fundi."

Akamaliza muhogo wake bila haraka. Akanawa, akaingia ndani, akatoka amevaa kanzu nyeupe ya Ijumaa na kofia iliyopigwa pasi.

"Fundi, si utachafuka?"

"Leo sichafuki," akasema, akachukua baiskeli yake.

Walipomwona anakuja, watu wakafungua njia. Hakumwamkia Mshirika. Alimwamkia sheikh, akawasalimu wageni, kisha akaomba kigoda. Kigoda kikaletwa. Akakiweka mbele ya basi, akamwambia Mshirika, "Kaa."

"Hakuna wakati, bwana, afisa anangoja—"

"Kaa, unieleze. Lilikuwa likiwaka jana?"

Mshirika akakaa. Kile kitambi, lile koti la hariri mkononi, juu ya kigoda cha jikoni. "Jana liliwaka vizuri."

"Leo linazunguka?"

"Linazunguka."

"Moto upo, petroli ipo, na linapiga mashuti nyuma?"

"Ndiyo."

"Basi moto unafika, ila unakwenda usikotakiwa." Alimwambia tanboi azungushe hendeli mara moja. Akafumba jicho, akasikiliza. Kisha akafungua boneti, akakunja mkono wa kanzu, akachomoa ile kofia nyeusi ya kugawia moto, ambamo waya zote za plagi hukutana. Mafundi wengine walikuwa wamekwisha kuitazama, hawakuona kitu. Yeye aliipindua, ndani kukawa juu, akaielekeza juani, akapitisha ncha ya kidole pembeni, taratibu, kama mtu anayepima vumbi. Akakitazama kidole. Akakinusa.

Nilikuwa karibu yake kuliko mtu yeyote. Niliona uso wake ukilegea. Kwa kitambo kidogo hakuwa mtu wa kisasi wala fundi. Alikuwa mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni na sauti ambayo hakutarajia kuisikia tena. Akainua macho kwenye madirisha ya basi, akayapitia yote mpaka la mwisho. Kisha akairudisha ile kofia mahali pake vilevile ilivyokuwa, akabana vibanio, akafunga boneti.

"Ubovu nimeuona," akasema.

Watu wakashangilia. Mshirika akanyanyuka kutoka kwenye kigoda.

"Kaa, sijamaliza. Ubovu ulipo nitakuambia. Lakini kwanza waambie hawa ni nani aliyeviringisha vyombo vya Mzungu kwenye shati langu."

Tukasikia nyama ikichemka kwenye sufuria nyuma ya nyumba. Mshirika akajaribu kucheka. "Mambo ya zamani hayo, ndugu yangu."

"Sawa." Fundi akaishika baiskeli yake.

"Ngoja." Mshirika alitazama jua, akatazama basi, akawatazama wafanyabiashara waliokuwa wakingoja jibu lake kwa hamu kuliko walivyongoja safari. Akasema kitu kwa sauti ndogo.

"Sauti," akasema Fundi.

"Ni mimi."

"Wewe ulifanya nini?"

"Niliuza vingine, na vilivyobaki nikaviweka chini ya sanduku lako. Haya, nimesema! Umeridhika? Sasa washa gari!"

Fundi alikuwa anafungua kinywa kujibu, lakini sauti ilitoka juu, dirisha la mwisho.

"Na mimi nani aliniacha?"

Mke alikuwa amesimama ndani ya basi, mkono mmoja ameshika nguzo. Hakupiga kelele. "Ulikuja kwa wazee wangu na mwenzako, mkasema mmetoka gerezani, mmemsikia mume wangu akitamka talaka. Nikakaa eda, ukanioa. Leo yupo hapo. Muulize mbele ya sheikh kama aliitamka."

Sheikh akageuka kitini. "Fundi, uliitamka?"

"Sikuitamka. Wala hakuna aliyekuja kuniona."

Sheikh akamtazama Mshirika. "Na wewe, wasemaje?"

Mshirika alikuwa amekaa tena kwenye kigoda, na sasa hakukumbuka kunyanyuka. Yule mzee akakusanya joho lake, akashuka kwenye basi ngazi kwa ngazi, tanboi akimshika mkono. "Hukumu ya jambo hili ni ya kadhi," akasema. "Lakini dua niliyoisoma hapa, Mungu anisamehe." Wageni wakaanza kushuka mmoja mmoja nyuma yake, wakijifanya wanaangalia miguu yao. Mke alishuka wa mwisho. Alipita kati ya wanaume wale wawili bila kumtazama hata mmoja, akaingia nyumbani, akatoka na furushi la nguo kichwani, akashika njia.

"Uliniahidi," Mshirika alisema kwa sauti iliyopasuka. "Ulisema utaniambia ubovu ulipo."

"Ahadi yangu naitimiza," akasema Fundi, akipanda baiskeli. "Uko ndani ya nyumba yako."

Tulipofika barabarani kwetu alinyoosha kidole mbele ya pua yangu. Kilikuwa na weusi wa mafuta. "Nusa." Nilinusa karafuu na udi. Ulikuwa wanja. Mwanamke yule alikuwa amechora mistari myembamba ya wanja ndani ya ile kofia nyeusi, kutoka tundu moja hadi jingine, na moto wa umeme ukapita humo badala ya kupita njia yake. Weusi juu ya weusi, nani angeona?

"Tulipokuwa wapya," Fundi akasema, "niliwahi kumsimulia gari lililokufa kwa masizi ya aina hii. Nikamwambia, mstari mwembamba kama wanja wako. Akacheka. Sikujua alikuwa anasikiliza." Akakifuta kidole kwenye kanzu yake nyeupe, mahali pa kifua, na hakulifua lile doa.

Ruhusa ya njia ya Pangani ilipewa yule mwingine. Basi la kijani liliuzwa, na Mshirika akawa mtu wa kukaa ndani. Huo ndio ungekuwa mwisho mzuri, na mtaa uliusimulia hivyo. Lakini mtaa haukukaa ng'ambo ya banda kama mimi.

Kadhi alitamka kwamba ndoa ya pili haikuwa ndoa. Mwanamke alikuwa bado mke wa Fundi. Alikuwa kwa shangazi yake Pangani, akisuka mikeka. Fundi alimpelekea ujumbe arudi nyumbani. Jibu likaja, fupi. "Sikufanya kwa ajili yake. Nilifanya kwa ajili yangu. Naomba talaka yangu, safari hii ya kweli."

Alilisikia jibu lile akiwa ameshika spana. Akaiweka chini. Akagusa kifua, pale pale lilipo doa kwenye ile kanzu ya Ijumaa.

"Fundi, usifanye hivyo," nikamwambia. "Huyu naye alidanganywa."

"Aliamini maneno ya watu wawili kuliko yangu."

"Yako hayakumfika!"

"Angengoja yafike."

Akamnyima. Mtu aliyekuwa mpole kwa bibi wa chuma alimfunga bibi wa damu mwaka nenda mwaka rudi, asiwe mke wala mtalaka. Shangazi alikuja, akalia barazani kwangu. Yule sheikh mzee alikuja. Mimi naye tuligombana hadi tukanyimana salamu kwa muda, na nilijua fika kwamba nami nimewekwa. "Anilie," alikuwa akisema. "Aje mwenyewe, anilie, nitamwacha." Magari yaliletwa yamesukumwa, akayawasha, lakini alikuwa hahoji tena. Aliinamia injini moja kwa moja, akafanya kazi, akafunga. Hata sauti ya hendeli alikuwa haifumbii jicho.

Nilikuja kuhamia Muheza kwa ajili ya kazi, tukapotezana.

Mara ya mwisho nilimwona Pangani, mwishoni mwa miaka ile. Nilikuwa nimekwenda kuvuka mto kwa kivuko, nikashone viti vya lori la shamba moja upande wa Bweni. Kivuko kilikuwa ng'ambo bado. Kwenye jiwe karibu na gati alikaa mzee mwembamba, mikono imelala mapajani, safi, haina hata chembe ya grisi. Nikamtambua kwa sikio lake lenye kovu la wembe.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Alinitazama muda. "Msambaa. Umenenepa."

Nilikaa kando yake. Nikamuuliza kilichomleta Pangani.

"Nimetoka kwa kadhi. Nimempa talaka yake."

Nilishukuru Mungu kwa sauti. Nikamuuliza, "Alilia?"

"Hapana." Alitazama maji. "Alikuja na shangazi yake. Nilipotamka, akasema ahsante. Hivyo tu, kama unavyomwambia mtu aliyekupisha mlangoni. Halafu akamwambia shangazi yake wafanye haraka, ameacha ukili wa mikeka ndani ya maji, utaoza." Akageuza viganja vyake, akavitazama. "Na Mshirika amekufa mwezi uliopita. Unajua?"

"Sikujua."

"Kinyozi naye amehama. Yule dereva wa petroli sijui yuko wapi." Akanigeukia, na macho yake yalikuwa na swali la kweli kabisa, kama alilokuwa akiwauliza wenye magari. "Nikuulize, Msambaa. Mtu akishamaliza na wa mwisho, asubuhi yake anafanya nini?"

"Anakunywa chai," nikasema.

"Na nani?"

Kivuko kilikuwa kimefika, watu wanashuka na mizigo yao, tanboi wa lori lililokuwa linavuka akiniita. Nilimpungia mkono aende. Nikasimama, nikamshika Fundi kiwiko, nikampeleka kwenye kibanda cha mwuza chai pale gatini, nikaagiza vikombe viwili. Mwuza chai, kijana mwenye haraka, akamimina huku akiongea na watu wengine, akasukuma kikombe cha Fundi mpaka kikamwagika kidogo juu ya kanzu ya mzee, wala hakusema samahani.

Fundi akaionja. Ilikuwa baridi. Akakirudisha kikombe mezani, akamtazama yule kijana kuanzia miguuni hadi kichwani, pole pole, na nikaona shingo yake ikinyooka na uso wake ukipata damu.

"Huyu," akaniambia, mkono ukienda kifuani, "huyu nimemweka."

Akavuta kigoda karibu na meza, akaagiza kikombe kingine.